Aliyelisha Rola Siku Ile

Hebu niambie, umewahi kutia sahihi karatasi usiyoweza kuisoma, kwa sababu tu aliyekupa kalamu alikuwa mtu wako? Usijibu haraka. Wengi husema hapana, halafu wakitulia kidogo wanakumbuka. Mama Nyoosha naye, ungemuuliza mwaka ule kabla ya mambo haya, angekwambia hapana tena kwa kicheko.

Jina la Nyoosha hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwenye kiwanda cha kufulia kilichofua mashuka ya hospitali mbili na hoteli nane. Kila mfanyakazi mpya aliyeletwa kwake, neno la kwanza kumwambia lilikuwa hilo hilo: "Nyoosha. Nyoosha kwanza, maswali baadaye." Likamganda. Hata mumewe, fundi viatu, akitaka kumchokoza humwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kwenye rola. Rola ni mashine ya kupigia pasi mashuka, pana kama kitanda cha watu wawili, ina pipa la chuma linalozunguka huku linawaka moto kwa ndani. Haifanyiwi kazi vizuri na mtu mmoja. Mmoja husimama mbele, anashika shuka bichi kwa pembe mbili, analikung'uta, analilisha. Mwenzake husimama nyuma, analipokea likiwa kavu na moto, analikunja mara nne. Anayelisha ndiye mkubwa wa mashine. Anayepokea hupigwa na mvuke usoni kutwa nzima, mpaka nyusi zinakuwa kama za mtu aliyetoka mvuani.

Mama Nyoosha alilisha miaka kumi na tisa. Kwa miaka kumi na moja ya mwisho, aliyekuwa akipokea ni wifi yake, dada wa mumewe, mdogo wake kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyemwingiza. Alimpandia meneja ngazi mara tatu kumwombea, mara ya tatu akakaa pale kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, mpaka meneja akachoka kumtazama. Wifi alikuwa amemaliza sekondari na Kiingereza alikiandika, lakini kazi ya ofisi alikuwa ameitafuta mpaka viatu vikaisha soli, na kaka yake akavishona tena bila malipo. Mama Nyoosha akamfundisha kushika pembe za shuka bila kuungua vidole, na kupumua kwa pua mvuke ukija. Wakawa kama pacha. Mmoja akianza neno, mwingine analimalizia.

Sasa kuna jambo moja la rola lazima ulijue. Mashuka ya pamba hutaka moto mkali. Vitambaa vyepesi, hivi vya meza vinavyong'aa, hutaka moto mdogo. Ukitoka kwenye mashuka kwenda kwenye vitambaa unapunguza moto, unasubiri. Unasubiri mpaka lini? Mshale wa kuonyesha joto ulikuwa umekufa siku nyingi, umelala pale pale kama mtu mwenye usingizi. Kwa hiyo Mama Nyoosha alikuwa na taulo kuukuu, la kijani lililopauka, lenye tundu katikati. Alililowesha, akalipitisha kwenye rola. Likilia chwaaa na kutoka na mstari wa kahawia, bado. Likipita kimya, haya, leta vitambaa. Huko ndiko kuonjesha rola. Aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kulisha kitambaa chepesi bila kuuliza kwanza, "Imeonjeshwa?"

Meneja hakuijua habari ya taulo hilo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na alishuka kwenye rola siku za wageni tu. Na siku za wageni taulo lilifichwa nyuma ya ndoo, kwa sababu lilitia aibu.

Basi siku moja vililetwa vitambaa sitini vya meza, vyeupe, vya ukumbi wa sherehe. Mama Nyoosha macho yalikuwa yakimsumbua. Asubuhi yalikuwa yakitoa machozi, na pembe za shuka alikuwa anaziona mbili mbili. Hakumwambia mumewe, maana angemwambia aache kazi. Alimwambia wifi yake peke yake. Siku hiyo akamnong'oneza, "Wifi, nakwenda mara moja kuchukua dawa yangu ya macho, nusu saa tu. Malizia mashuka polepole peke yako, yaangukie kikapuni. Vitambaa uviache mpaka nirudi." Akatokea mlango wa nyuma, bila kuaga ofisini. Hilo nalo lilikuwa kosa, na yeye alilijua wakati analifanya.

Aliporudi, harufu ilimpokea uani. Wifi alikuwa amekaa juu ya kikapu cha nguo kilichopinduliwa, mikono kichwani.

"Wifi, nimekwisha."

"Vingapi?"

"Vyote."

Mama Nyoosha akachukua kimoja. Kilikuwa cha njano, kina mistari kama gazeti, na pembeni kimejikunja kama jani kavu.

"Taulo?"

"Sikulipitisha. Nilijua utarudi umechoka, nikasema nikusaidie, niwahi, vikawa vinaangukia nyuma sikuviona… Wifi, watanifukuza. Watoto wangu wataenda wapi?"

Mama Nyoosha akamtazama mtoto huyu wa mama mkwe wake, nyusi zinadondosha maji, pua inadondosha maji. Akamfuta kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza kwanza. Hufukuzwi na mtu. Meneja akija tunasema vitambaa vimeungua."

"Akiuliza nani ameviunguza?"

"Vimeungua. Wewe husemi wewe, mimi sisemi wewe. Mashine haina mdomo."

Na meneja alipokuja hawakusema. Akafoka, akahesabu vile vitambaa mara mbili kana kwamba vingepungua, halafu akataka ripoti. Iandikwe kwa Kiingereza, maana wenye kiwanda walikaa mbali, na Kiswahili hawakisomi. Kwenye rola nani anajua Kiingereza? Wifi. Basi wifi akakaa kwenye meza ya kukunjia, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mama Nyoosha akamsimamia begani.

"Umeandika kama tulivyosema?"

"Vile vile, wifi. Vitambaa viliunguzwa, basi. Hakuna mtu ndani yake."

"Mbona jina langu naliona hapa?"

"Ah, wewe si ndiye mkubwa wa mashine? Ripoti bila jina la mkubwa haina heshima. Tia sahihi hapa chini."

Akatia. Alikuwa na mwandiko mkubwa wa darasa la saba, herufi moja moja, kila moja imesimama wima. Akapewa nakala yake, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya matibabu.

Wiki mbili baadaye jibu likaja. Mama Nyoosha aondolewe kwenye rola, apelekwe chumba cha kuchambulia. Wifi ndiye alishe, atafutiwe mtu wa kupokea. Siku hiyo wifi alimwangukia shingoni akalia kwa sauti mpaka wenzao wa kwenye mashine za kufulia wakaacha kazi. "Wakubwa hawa hawana utu, wifi! Miaka kumi na tisa!" Na Mama Nyoosha, ndiye aliyeondolewa, ndiye akawa anambembeleza: "Basi, basi. Si kosa lako."

Chumba cha kuchambulia hakina dirisha. Ndiko mashuka yanakofikia yakitoka hospitali, kama yalivyo. Unavaa glavu zilizopasuka kidole gumba, unafungua bunda, unatenga: ya damu huku, ya chakula kule, na kila kilichosahaulika ndani yake kwenye beseni. Wiki ya kwanza alipata vijiko vitatu, soksi ya mtoto mchanga na meno ya bandia, safu ya juu nzima, yanamchekea. Mikono ikaanza kumwasha. Lakini si mikono iliyomuuma. Kilichomuuma ni kusikia rola ikivuma ukuta wa pili, na kujua kwa sikio kwamba shuka limelishwa upande.

Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwenye rola. Akamwomba wifi yake amwandikie barua kwa wenye kiwanda. "Nitakuandikia, wifi, kesho." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Mwezi wa nne Mama Nyoosha akasema mwenyewe moyoni: nitakwenda nikajifunze, niandike kwa mkono wangu.

Mumewe akacheka mpaka misumari ya viatu ikamtoka mdomoni. "Uzee huu, Kiingereza? Asubuhi utaniamsha kwa Kiingereza?"

"Nitakuamsha kwa maji ya baridi. Hayo hayana lugha."

Masomo ya watu wazima yalikuwa saa tisa alasiri, kwenye darasa la watoto, madawati mafupi mpaka magoti yanafika kidevuni. Mwalimu alikuwa binti mwenye mimba ya miezi saba, anafundisha amekaa juu ya meza yake huku anajipepea kwa daftari la mahudhurio. Wanafunzi walikuwa sita: yeye, dereva wa lori, mshona nguo mmoja mama mwenye maneno, na mabawabu watatu waliokaa pamoja na kusinzia pamoja.

Wiki ya saba mwalimu akaandika ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza, "The boy broke the cup." Ya pili, "The cup was broken."

"Hii ya kwanza ni kauli ya kutenda. Mtoto alivunja kikombe. Mtendaji anakaa mbele, mnamwona? Hii ya pili ni ya kutendwa. Kikombe kilivunjwa. Mtoto yuko wapi?"

"Amekimbia," akasema dereva.

"Haswa. Amekimbia kwenye sentensi. Sasa kazi yenu mkiandika ni kuchagua. Kauli ya pili inawafaa watu wa namna mbili: asiyemjua aliyetenda, na anayemjua lakini hataki kumtaja."

"Mwalimu, hiyo ya pili ndiyo yangu," dereva akasema. "Mimi sijawahi kugonga gari la mtu. Magari huwa yanagongwa tu."

Darasa likacheka. Mama mshona nguo akapiga dawati. "Mbona hicho Kiingereza wanangu wanakijua tangu hawajaota meno! Mama, kikombe kimevunjika. Mama, sukari imemwagika. Kwangu vitu vinajivunja vyenyewe, watu wote malaika."

Mama Nyoosha hakucheka sana. Alikuwa ameshangaa kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani njiani. Kumbe lile neno walilopatana yeye na wifi yake lilikuwa na jina! Limo vitabuni, linafundishwa. Mwalimu alipowaambia waje na karatasi yoyote ya Kiingereza ya kazini kwao waitumie kujifunzia, alijua tayari atakayoileta.

Kesho yake akaitandaza ile nakala ya ripoti juu ya meza ya mwalimu, akainyoosha kwa kiganja, mara mbili, ilivyo desturi ya mkono wake.

"Hii imeandikwa kwa kauli ya kutendwa, mwalimu. Wifi yangu ndiye aliyeiandika. Nataka barua yangu ianzie hapa, halafu niombe kurudi kwenye rola."

Mwalimu akasoma. Akarudi juu akasoma tena. Akaacha kujipepea.

"Mama, nani alikwambia hii ni kauli ya kutendwa?"

"Yeye mwenyewe."

"Njoo upande huu. Tazama hapa." Akaweka kidole. "Hili ni nini?"

"Jina langu."

"Na neno linalofuata?"

Akalisoma kwa kulitafuna. "Bur… ned. Burned."

"Kabla yake pana 'was'? Pana 'were'?"

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na jina lake, halafu kitendo, vimekaa bega kwa bega.

"Basi nisomee kwa Kiswahili, mwalimu. Yote. Usiruke."

Mwalimu akateremsha sauti ili wale wengine wasisikie, lakini chumba chenyewe kilikuwa kimeshanyamaza. "Umetajwa jina, kisha, 'aliunguza vitambaa sitini. Hakupitisha taulo bichi kwenye rola kabla ya kulisha, ingawa yeye ndiye hutufundisha sisi kufanya hivyo. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri na kazi hii inamshinda.' Halafu sahihi yako, mama. Kwamba unakubali."

Mama Nyoosha akauliza jambo moja. "Taulo limeandikwa?"

"Hili hapa. Towel."

Akalitazama neno hilo muda mrefu. Jina lake lilimuuma, na macho yake yalimuuma zaidi, siri aliyomnyima hata mume. Lakini alichokitazama ni taulo. Kisha akakunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akachukua penseli yake, akaenda nyumbani, moyo umeitangulia miguu.

Mumewe alikuwa barazani anashona soli, misumari midogo imejipanga katikati ya midomo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa misumari mmoja mmoja, akaiweka kwenye kifuniko cha kopo la gundi.

"Labda meneja alimlazimisha."

"Labda."

"Wakubwa unawajua. Mtu ana watoto, anaambiwa andika, anaandika."

"Na macho yangu? Meneja aliambiwa na nani?"

Hapo mzee akageuka. "Macho yako yana nini?"

Ikabidi amwambie na hilo. Kwa hiyo jioni ile walikuwa na makosa mawili mezani, la wifi na la kwake. Mume akasema, "Yule ni dada yangu. Nakuomba kitu kimoja. Barua yako iandike, lakini andika hivyo hivyo mnavyofundishwa. Viliunguzwa. Usiandike na nani. Utarudi kwenye rola yako, na mimi nitabaki na dada."

Mama Nyoosha akaenda kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Siku tatu hakuandika neno. Alikwenda chumba cha kuchambulia, akachambua. Wifi akapita mlangoni saa ya mapumziko kama kawaida yake, amemletea chai kwenye kikombe cha bati. "Wifi yangu, mbona umenuna? Au wamekuletea meno mengine?" Mama Nyoosha akapokea chai. Mkono ulipokea wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na moja. Lakini hakuinywa. Aliiweka kwenye kizingiti ikapoa, ikaota utando, na jioni akaimwaga.

Siku ya nne alikwenda darasani mapema. Mwalimu akasikiliza kisa chote, akamwandikia sentensi tatu kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Vitambaa viliunguzwa. Wifi yangu aliunguza vitambaa. Na ya tatu akaacha nafasi ya mtendaji tupu.

"Mimi siwezi kukuchagulia, mama. Zote tatu ni Kiingereza kizuri."

"Hii ya kwanza ndiyo niliyoitaka mimi, siku ile," Mama Nyoosha akasema. "Kwa ajili yake."

"Najua."

"Nikiiandika sasa nitarudi?"

"Sidhani. Wao wana karatasi yenye sahihi yako inayosema ni wewe. Wakisoma kwamba vitambaa viliunguzwa, watauliza, na nani? Halafu watajijibu kwa ile ya zamani."

Dereva wa lori, aliyekuwa anajifanya anasoma, akaingilia. "Mama, mtaje! Mtaje jina na ukoo! Mimi ningeandika kwa wino mwekundu."

"Wewe nyamaza, magari yako yanagongwa tu," mama mshona nguo akamkata.

Mama Nyoosha akalamba ncha ya penseli, akaandika. Saa nzima. Alikuwa anauliza neno, anaandikiwa ubaoni, analihamisha kwa herufi zake za wima. Alipomaliza, mwalimu akasoma, akamtazama.

"Mama, na wewe mwenyewe umejitaja. Mara mbili."

"Niliondoka kazini bila kuaga. Mimi. Nilimwambia tufiche. Mimi. Nikimtaja yeye nikajiacha mimi, nitakuwa nimemwandikia kama alivyoniandikia."

"Wanaweza kukufukuza kabisa."

"Wanaweza. Lakini wakinirudisha kwenye rola watakuwa wamenirudisha mimi, si mtu wa kwenye karatasi."

Angeweza kuipeleka ofisini siku ile ile. Hakuipeleka. Alisema hakuna mtu atakayeandikwa na yeye bila kusomewa kwanza. Jumapili, baada ya saa sita, akajifunga kanga safi akaenda kwa wifi yake, mwendo wa dakika kumi.

Wifi alikuwa sebuleni anafumua pindo la sare ya mtoto, nyuzi zimemjaa mapajani. Pazia lilikuwa jipya. Na vitambaa vya makochi vilikuwa vimepigwa pasi vizuri mno, Mama Nyoosha hakuweza kujizuia kuliona hilo.

"Karibu, wifi! Leo jua limetokea wapi? Kaka hajambo?"

"Hajambo. Watoto?"

"Wamekwenda kucheza. Kaa, nikuwekee maji."

"Sikai sana. Nina barua yangu nataka nikusomee. Hukuniandikia, nimeiandika."

Wifi akacheka. "Kwa Kiingereza? Wewe? Haya, mzungu wangu, nisomee."

Akasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na palipomshinda alirudi nyuma akaanza upya. Mimi niliondoka kwenye rola bila ruhusa. Wifi yangu alilisha vitambaa bila kuonjesha rola. Wifi yangu aliunguza vitambaa. Mimi nilimwambia asiseme. Yeye aliandika ripoti, mimi nilitia sahihi, sikujua kilichoandikwa. Naomba mnirudishe kwenye kazi ninayoijua.

Kufikia sentensi ya pili kicheko cha wifi kilikuwa kimeisha. Kufikia ya mwisho, uzi ulikuwa umekatika mkononi mwake.

"Nani amekusomea ile ripoti?"

"Mwalimu wangu."

"Wifi, nisikilize. Ni meneja. Naapa. Mimi nilikuwa nimeandika kama tulivyopatana, viliunguzwa. Akaniita juu, akasema hakuna ripoti bila mtu. Akasema andika jina la mkubwa wa mashine. Alinisimamia, wifi, nikaandika huku natetemeka."

"Alikusimamia."

"Neno kwa neno."

"Na la taulo?"

"Taulo gani?"

"Taulo langu. Umeandika sikulipitisha taulo bichi. Meneja amelijua lini taulo? Siku za wageni si wewe uliyekuwa unalificha nyuma ya ndoo?"

Nje mtoto wa mtu alikuwa anapigia mpira ukuta, tu, tu, tu. Wifi akaanza kuokota nyuzi mapajani, moja moja, kama mtu anayetafuta iliyo yake.

"Na macho," Mama Nyoosha akasema. "Kaka yako hakuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja duniani."

"Wifi, nina watoto."

"Nawajua. Wawili kati yao mimi ndiye niliyewapokea kwa mkunga, wewe hujaamka."

"Basi badilisha neno moja tu." Wifi akateremka kwenye kochi, akapiga magoti sakafuni na nyuzi zake. "Neno moja! Andika viliunguzwa. Huwezi kushindwa, mwalimu wako atakuonyesha. Ukiandika viliunguzwa hakuna atakayeniona mimi."

"Ndilo neno nililokuomba wewe."

Wifi akainamisha kichwa.

"Nilikuomba hilo kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Ukaniambia umeliandika. Nikakushukuru. Nikaenda kwenye mashuka ya damu miezi mitano, na kila siku ukaniletea chai." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ile ile ya kumfundisha mgeni kushika pembe. "Ile chai ndiyo imenishinda kuielewa. Ripoti nimeielewa. Mtu ameogopa, ameandika. Lakini chai, kila siku, unanitazama nikiinywa?"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Usiseme hivyo. Inuka, sakafu ina baridi."

Hakuinuka. Mama Nyoosha akakunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga.

"Kesho saa moja naipeleka ofisini. Sikuja kuomba ruhusa. Nilikuja usikie kwa masikio yako kilichoandikwa juu yako, maana mimi sikupata hilo. Na nilikuja kuuliza swali moja, wifi. Usinitajie meneja wala watoto. Vitambaa vilikuwa vimeshaungua, mimi nilikuwa nimeshakusitiri, hakuna aliyekuwa anakutafuta. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Ulitaka nini?"

Mpira ukagonga ukuta mara kadhaa. Wifi akafuta nyusi zake kwa mgongo wa kiganja, ingawa hapakuwa na mvuke wala maji. Akatazama mlango, akatazama pazia jipya, mwishowe akamtazama wifi yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nilitaka uondoke," akasema. "Nilitaka nilishe mimi."